Hamali Asiyekatiwa Tiketi

Kivuko cha saa mbili asubuhi kilijaa watu wa mjini wanaokwenda kupumzisha masikio. Kisiwani hakuna magari. Kinachouzwa kule ni utulivu, na wateja hawakosekani. Kati yao alikuwemo muuguzi wa wodi ya wanaume, ambaye hakufuata utulivu wowote. Alimfuata mumewe, hamali anayevuta mkokoteni wa mizigo ya wageni, aliyekuwa akimpiga danadana kwenye simu kwa miezi mitano: Jumapili hii, hapana, Jumapili ijayo. Binti yao wa miaka miwili ameshaanza kumwita mjomba wake baba. Muuguzi aliapa kwamba leo anarudi na mume wake, kwa heri au kwa shari.

Alimkuta akipandisha mlima wa hotelini, masanduku tisa kwenye mkokoteni na mgeni mmoja amekaa juu na mwavuli wake. Akamwita kwa nyuma. Hamali aliposimama, taa mbili nyekundu zikawaka mgongoni, chini kidogo ya mabega.

Muuguzi akaanza na lililomkera zaidi: mbona amekonda hivi, huku anakula nini? Akamshika kifundo cha mkono ahesabu mapigo, akaacha. Hakukuwa na cha kuhesabu, ila mngurumo mmoja wa chinichini, wa injini iliyowashwa ikisubiri. Chini ya fulana, namba ya usajili ilikuwa imeota ngozini, ngumu kama ukucha. Akaipapasa, akauliza kama inauma. Mumewe akasema inauma kwenye mlima tu.

Akaeleza kwamba magari yalipigwa marufuku lakini mizigo haikupigwa marufuku, kwa hiyo kazi yote iliwaangukia mahamali. Mgeni wa juu akaomba waendelee, jua linamchoma.

"Kwa nini hukuniambia?" muuguzi aliuliza, akitembea pembeni ya mkokoteni.

"Nikwambie nini? Mara mbili nimefika dirisha la tiketi, mara mbili nimerudishwa. Niliona haya, mke wangu."

Kivuko cha mwisho huondoka saa kumi jioni. Saa tisa walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Karani wa tiketi alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio uliomtia muuguzi hasira kuliko yote. Aliomba kuona mgongo, akasoma namba, akasema samahani, kivuko hiki kinabeba abiria tu, magari hakibebi. Akawaelekeza ofisi ya msimamizi wa kisiwa. Msimamizi akasema mambo ya tiketi yako dirishani. Walizungushwa kama pia mpaka zikabaki dakika kumi, na safari hii muuguzi hakusubiri foleni.

"Kama ni gari, sheria yenu inasema liondoke kisiwani," alimwambia karani. "Kama ni mtu, mkatie tiketi. Chagua moja, kaka."

Karani alifikiri, na alifikiri kwa haki kabisa.

"Dada, kisiwa hiki hakina magari. Sasa nitaliondoaje lisilokuwepo?"

Muuguzi alitamani kuvunja kioo cha dirisha. Watu wa foleni wakanung'unika kwamba wote wana haraka, si yeye peke yake. Kwenye gati, mizigo ya wageni wapya ilikuwa imeshapangwa kwenye mkokoteni.

"Nenda," mumewe alisema. "Mtoto asitukose wote wawili."

Akaenda. Hakumuaga, kwa sababu kumuaga kungekuwa kukubali. Akakaa benchi la nyuma na kukipa kisiwa mgongo.

Kivuko kilipoachana na gati, honi ililia huko nyuma mara tatu, ndefu, kisha mara ya nne ikakatika katikati. Mama mmoja mwenye kofia pana, aliyekaa karibu, akakunja uso.

"Si tuliambiwa huku hakuna magari?"

"Hakuna," muuguzi alisema. "Huyo ni mume wangu."

Mama yule aliitikia kwa kichwa, ameelewa. Akasema hata hivyo angeambiwa apunguze, watu wamekuja kupumzika, kisha akafumba macho afaidi utulivu uliobaki.