Bado Wapagani

Kaka yangu, Padre Oreste, ana magoti mabovu na ubishi wa nyumbu. Mimi ndiye ninayempikia, kwa hiyo vyote viwili navijua.

Kila Ijumaa Kuu, katika zile sala ndefu, alipiga magoti kumwombea Papa, watawala, wazushi, hata wapagani. Lakini ikifika zamu ya Wayahudi, kabla tu ya hao wapagani wa mwisho, kanisa zima tulisimama wima. Ndivyo tulivyorithi. Kaka alipapenda hapo, maana alipumzika.

Aliyeumia ni Lello, fundi cherehani Myahudi wa ng'ambo ya mto Tiber, hapa Roma, anayemshonea kanzu na kucheza naye karata.

"Hata wapagani, Padre!" alikuwa akimwambia. "Anayeabudu jiwe unampigia goti, mimi ninayekuziba viraka matakoni hunipigii?"

Alicheka, lakini macho yake niliyaona. Zamani nyanya yake kila Ijumaa Kuu alikuwa akifunga milango kwa makomeo, kwa kuogopa Wakristo waliotoka kanisani wakiwalaumu Wayahudi kwa kifo cha Yesu.

Mwaka 1956 amri ikatoka kwa Papa: Wayahudi nao wapigiwe magoti. Lello akaja mbio jikoni kwetu.

"Maneno ya sala yenyewe, yanayotuita wasio na imani, bado machungu, hayo nayameza kwanza. Lakini magoti nakuja kuyaona mwenyewe. Ukisimama, Padre, tafuta mwingine wa kucheza naye karata."

"Kwa magoti haya, fundi?"

"Hayo hayo!"

Kaka hakucheka. Rafiki mwingine hana, na mimi karata sizijui.

Ijumaa Kuu alasiri Lello akasimama mlangoni pa kanisa, kofia kichwani, mguu mmoja nje. Kanisani hakuwahi kuingia. Kaka akawa anapiga magoti na kuinuka, sala baada ya sala, akiguna. Tulipofika kwa Wayahudi alikuwa ametota jasho.

"Tupige magoti," akasema.

Watu wakabaki wima. Mazoea yana tabu! Kaka akashuka peke yake, goti moja, kisha la pili. Hasira zikanipanda. Nikapiga langu kwa kishindo, nikamvuta koti Gaspare muuza nyama.

"Shuka, we mzee!"

Akashuka, na wengine wakafuata mpaka nyuma. Nilitaka kulia.

"Inukeni," akasema kaka.

Tukainuka. Yeye hakuinuka. Akajaribu tena, wapi! Magoti yamegoma. Kabla sijamfikia nikasikia viatu nyuma yangu. Lello alikuwa anakuja katikati ya kanisa, kofia vilevile kichwani. Akamshika kaka makwapani, akamwinua.

"Nimeona, Padre." Alinong'ona, ila kanisa zima tulisikia. "Nimeona. Inatosha."

Akageuka aondoke. Kaka akamng'ang'ania mkono.

"Unakwenda wapi, fundi? Bado wapagani."

Lello akajifuta macho kwa kiganja, akabaki.