Kiti cha Kuazima

Kaka yangu alipooa na kuhama, aliniachia kiti chake. Chumba kikabaki na viti viwili na mtu mmoja. Kutwa nashinda karakanani nikivalisha makochi sponji na vitambaa, makochi ya kukaliwa na ukoo mzima, kisha jioni narudi kutazamana na kiti kitupu kama mke na mume waliogombana.

Chumba cha pili, ukuta kwa ukuta nami, alihamia muuguzi mgeni. Kiswahili hakijui ila salamu. Jioni moja mlango wake ulikuwa wazi, nikamwona ameketi sakafuni, sahani ameiweka juu ya kiti chake cha pekee. Nikasema moyoni, huyu ana meza, hana kiti. Mimi nina kiti, sina mtu. Nikabisha hodi. Kiingereza changu nimejifundisha mwenyewe, na sikionei haya.

"I want to borrow you chair," nikamwambia.

Alinitazama, akaitazama sahani. Akaishusha chini, akakifuta kiti kwa kiganja, akanipa kwa mikono miwili. Muungwana angeuliza. Mimi nilikipokea, nikashukuru, nikaondoka nacho. Sasa nikawa na viti vitatu.

Nilimpigia kaka simu. Alicheka mpaka shemeji akamnyang'anya simu ajue kuna nini, naye akacheka.

"Mdogo wangu, umempora mtu kiti kwa adabu," kaka alisema aliporudishiwa simu. "Borrow ni la mwenye kuomba. La mwenye kutoa ni lend."

Nilimwambia huo ni ubahili wa Kiingereza. Sisi tunaazima kwenda na kurudi kwa neno moja, na vitu vinafika.

"Vinafika kwa sababu tunaonana usoni. Mrudishie chake, na hicho changu mpe. Halafu usikimbie, omba ukae kidogo."

"Mimi si mwombaji. Nitatoa."

"Haya, bwana mtoaji," alisema, akakata.

Kesho yake kila nilipogonga msumari nilisema lend, lend, mpaka fundi mkuu akauliza kama nyundo imeingiwa na kigugumizi. Jioni nikabeba viti viwili, kimoja kila mkono. Nilishavipanga kichwani: chake akikalie yeye, cha kaka nikikalie mimi, mbele yake.

Alifungua. "I lend you," nikasema, kila herufi mahali pake.

Uso wake ulichanua. Akavipokea vyote viwili, kimoja kimoja, akavipitisha ndani. "Asante sana, kaka," akasema, kwa Kiswahili alichokiokota wodini. Akasimama kidogo, mkono kwenye kitasa. Nami nikasimama. Neno la kuomba nilikuwa nalo mdomoni, lile lile borrow la jana yake, na safari hii lingekuwa sahihi. Halikutoka. Nikamtakia usiku mwema, mlango ukafungwa taratibu.

Kwangu kilibaki kiti changu. Nikakikalia. Ng'ambo ya ukuta nikasikia viti vikiburutwa, kimoja, kisha cha pili, vikatulia. Kijiko kikagonga sahani. Nilitega sikio muda mrefu, na hakuna aliyezungumza.