Dirisha Lililoshusha Bega

Jua la asubuhi halipigi hodi. Liliingia kwa dirisha la ghorofani, likapanda kitandani na kutua usoni mwa mtu ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameweka kichwa juu ya mto baada ya kuendesha treni ya abiria usiku kucha. Kati ya dirisha na kitanda alisimama mama mkwe wake, amenyanyua shuka kwa mikono miwili kama kamba ya kuanikia nguo. Jua likisogea, naye akisogea.

"Mama," ilisema sauti kutoka kitandani, "umesimama tena?"

"Napita tu."

"Unapita tangu nilipolala?"

"Anayelala hasemi. Lala."

Mtaa ulimwita mama huyo Mama Chaki, kwa ajili ya kipande cha chaki ya ushonaji kisichobanduka nyuma ya sikio lake. Mke wa mwanawe, nyumbani na kazini, aliitwa Dereva, naye alilichukua jina hilo kama mtu anavyovaa koti lililomkaa vyema.

Mzaha wa shuka ulifunika jambo zito. Tangu wahamie nyumba ile, Dereva hakuwa amepata usingizi wa mchana wa kueleweka, na msimamizi wa madereva aliyaona macho yake. Akampangia jaribio: ataketi mbele ya ubao wa taa, na kila taa itakapowaka, aguse kitufe chake upesi. Mkono ukichelewa, atatolewa kwenye treni ya abiria na kupelekwa uwanja wa mabehewa matupu, kuyasukuma mbele na nyuma kutwa nzima. Kazi ni kazi, lakini Mama Chaki alijua mkwewe alikuwa amepanda kiasi gani kufika pale alipo.

Zaidi ya hayo, alikuwa amemwona kazini kwa macho yake. Siku moja alikwenda stesheni kumpokea, akaona treni ndefu ikiingia na kutulia taratibu kama kikombe kinavyowekwa juu ya kisahani, kila mlango mbele ya mstari wake. Yeye aliyekunja pindo maisha yake yote bila kupinda alisimama pale mdomo wazi. Alipomuuliza inawezekanaje, Dereva alijibu, "Kusimama huanza mbali, mama. Ukingoja uione stesheni ndipo ushike breki, umechelewa."

Tatizo, basi, lilikuwa dirisha. Paa la nyumba liliteremka kwa mshazari, na dirisha likateremka nalo: upande mmoja mrefu, upande wa pili mfupi, na juu pamekatwa kimshazari. Kwa jicho la mshonaji, lilikuwa gauni lililoshuka bega.

Mama Chaki alikwenda duka la mapazia pamoja na mwanawe, mpishi wa hospitali, mtu wa kucheka kabla ya kufikiri. Muuzaji aliwashushia kila alichokuwa nacho.

"Hili la kuviringisha, mama, linateremka hivi, shwaa!"

"Na kona ya juu ataifunika nani?"

Muuzaji akautazama mchoro wa dirisha waliomletea, akaugeuza, akautazama tena. "Mama, dirisha hili lilipewa kibali na nani?"

Pazia la vibao halikukubali kukatwa mshazari, kwa kuwa kamba zake zingekosa pa kupita. La mikunjo lilikubali umbo, lakini lilipitisha mwanga kama chujio.

"Tubandike magazeti, yaishe," alisema mwanawe.

"Mkeo si nyama ya buchani, afungiwe gazeti. Giza atalipata, hewa je? Si ataiva humo?"

Hapo muuzaji alisema jambo lililomfanya Mama Chaki aondoke dukani akimshukuru, ingawa hakununua kitu. "Jua la namna hiyo, mama, lizuieni nje, kabla halijagusa kioo. Tafuteni fundi awatengenezee shata la mbao, kama mlango wa dirisha, lenye vibao vya luva. Vibao vilale kuelekea chini, hewa ipite, jua libaki huko huko."

Seremala aliyependekezwa aliitwa Fundi Sawasawa, maana hakuna jambo aliloambiwa ambalo hakulijibu hivyo. Alikuwa amebanwa na kazi, akaomba aletewe vipimo tu. Mama Chaki hakuziamini tarakimu peke yake. Alibandika karatasi ngumu dirishani kwa upande wa ndani, akafuata ukingo wa fremu kwa kidole na chaki, hata pale ukuta ulipobonyea kidogo, kisha akaikata kama anavyokata patani ya nguo na kuandika: juu, chini, bawaba. Fundi alipoipokea aliitazama kwa muda mrefu.

"Mama, hii karatasi umeipiga pasi?"

"Patani haikunjwi, baba. Ukiikunja, inaanza kudanganya."

"Sawasawa," alisema fundi, na akaitundika ukutani mwa karakana yake, mahali ambapo watu wengine hutundika kalenda.

Shata lililetwa asubuhi, siku moja kabla ya jaribio. Mama Chaki alilizunguka mara mbili. Luva zilipandana kama magamba ya samaki, kila kibao kimepigwa msasa mpaka kikateleza, na kwenye maungio ukucha haukupata pa kuingia. Lakini fundi alipopanda ngazi na kuliinua, bega refu la shata lilikwenda kwenye upande mfupi wa dirisha. Akashuka. Akapanda tena, kana kwamba dirisha lingebadili nia.

"Leo," alisema hatimaye, "si sawasawa."

"Umeigeuza patani yangu!"

"Sijaigeuza, mama. Upande wenye maandishi ndio uso, ndio unaoangalia nje."

"Uso? Chaki hupigwa mgongoni mwa kitambaa! Nani anayechora usoni mwa nguo?"

"Sisi maseremala tunachora usoni, mama. Alama huondoka na randa."

Wote wawili walisema kweli, na kweli yao haikufaa kitu. Kuligeuza shata nyuma mbele hakungesaidia, kwa sababu luva zingeangalia mbinguni na kulimimina jua ndani kama mfereji. Na jipya lisingekuwa tayari kabla ya jaribio. Mama Chaki aliketi kwenye ngazi ya mlangoni. Mikono ile iliyokata maelfu ya nguo ilikuwa imemponza mtu mmoja ambaye ilitaka kumfurahisha.

Kelele zilimtoa Dereva nje, macho mekundu, shuka begani. Alilitazama shata, akalitazama paa, halafu akacheka.

"Mama, wewe hujawahi kuiona nyumba hii kwa mbali."

"Ninaishi humo ndani. Niione kwa mbali ya nini?"

"Mimi huiona kila alfajiri, pale reli inapokatana na barabara. Ina madirisha mawili juu, moja huku na moja huku, kama mabega ya mtu mmoja. La kwangu limeshuka upande huu, na la chumbani kwako limeshuka upande ule."

Fundi aliirudia ngazi yake bila kuambiwa, akaihamishia upande wa pili, akapanda na shata begani. Mlio uliosikika lilipoingia mahali pake ulikuwa mdogo, kama kifungo kinavyoingia tunduni.

"Sawasawa!" alipaza sauti kutoka juu, na safari hii neno lilistahili.

Mama Chaki aliinuka kwa kasi. Chumba chake hakuwa amekifikiria hata kidogo, maana yeye huamka kabla ya jua na dirisha lake halikuwahi kumkosea. "Twende ukalale kwangu."

Dereva alisita. "Kitandani kwako, mama? Watu watasema nini?"

"Watasema mkwe kalala."

"Lakini heshima..."

"Mikono yangu imekufa ganzi kwa kukushikia shuka, leo unaniletea heshima? Heshima yangu ni wewe ukoromee mto wangu."

Alimtandikia kwa shuka safi kutoka kabatini, akafunga shata, na chumba kikatulia katika giza laini lenye upepo. Alikuwa bado anatafuta maneno ya kumwambia pole alipogundua kwamba anayeambiwa hayupo. Usingizi ulikuwa umemchukua katikati ya kuvua ndala. Mama Chaki alihamia chumba cha pili, akaketi katika lile jua jeuri, akashona vifungo huku akisikiliza pumzi kupitia ukuta.

Dereva alilala vivyo hivyo asubuhi iliyofuata, na mchana akaenda kwenye jaribio. Makubaliano yalikuwa mepesi: akifaulu, atapitiliza moja kwa moja hadi treni ya jioni, akishindwa, atarudi nyumbani kwa miguu.

Jua lilipoanza kushuka, Mama Chaki alilifungua shata na kuketi dirishani, macho yakiruka kati ya barabara na reli. Mwanawe alisimama nyuma yake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Barabarani walipita watu wengi, na kila mwanamke aliyevaa buluu kama ya sare ya Dereva aliukaza moyo wa mama yule, kisha akageuka kuwa mtu mwingine.

Treni ikatokeza. Ilipokaribia barabara ikapiga honi: ndefu, iliyonyooka, iliyokatika ghafla bila mkia.

"Honi zote si moja, mama?" aliuliza mwanawe kwa sauti ya chini.

"Mashine ni moja. Mkono si mmoja. Umesikia ilivyokatwa? Hiyo ni kama mkasi mkali juu ya hariri. Huyo ni mke wako."

Mwanawe alikaa kitandani na kujifuta uso kwa aproni ya kazini ambayo alikuwa amesahau kuivua. Mama Chaki alingoja mpaka behewa la mwisho lilipopotea. Kisha akamwinua kijana wake kitandani, akabadilisha shuka, akauchapa mto mpaka ukajaa, akafunga shata na kukaza komeo lake. Usiku ulikuwa haujaingia, na jua la kesho lilikuwa bado mbali sana, lakini yeye hakutaka kulingoja alione kwanza.