Bampa la Mwenyekiti

Fundi Mfaume wa mtaa wa Ng'ambo alikuwa na jeuri moja tu: faiba, ile plastiki ngumu ya mabampa ya magari, haikuwahi kumshinda. Ukimletea bampa lililojikunja, aliliweka juu ya mawe, akalimwagia maji ya moto mpaka likalegea, akalinyoosha kwa mikono, akalifunga kwa vipande vya mipira ya baiskeli, kisha akalikandamiza kwa magunia ya mchanga mpaka kesho yake. Lililobaki lilikuwa puti, msasa na rangi. Wateja walisema mkono wake ungeweza kunyoosha hata mkia wa mbwa, naye hakuwakatalia.

Bampa la Mzee Wenceslaus, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa tumbaku, lililetwa wiki ya mvua za kwanza. Mwenyekiti alisema amegonga kisiki upande wa Kwihara. Mfaume hakuuliza kisiki kilikuwa kinafanya nini katikati ya barabara; fundi hanyooshi maneno ya mteja. Mchanga wake ulikuwa umelowa, basi akaazima gunia la chumvi ya Uvinza dukani kwa jirani yake Zabibu, akaliweka juu ya bampa, akaenda kulala.

Asubuhi alikuta gunia limetoboka na chumvi imelambwa nusu. Bampa lilikuwa limeota pua mbili pana zenye unyevu, paji la uso, sikio lenye pengo na pembe moja iliyoinamia kushoto. Mfaume alisogeza gunia mbali kwanza, maana chumvi ilikuwa ya watu, kisha akachemsha maji. Bampa lilinyooka vizuri. Aliporudi kutoka msikitini adhuhuri, lilikuwa ng'ombe tena, linacheua.

Alirudia. Alibadilisha mipira, akaongeza uzito, akasoma na dua aliyofundishwa na babu yake. Bampa lilinyooka kila lilipoambiwa, na kila alipolipa kisogo likarudi kuwa ng'ombe. Hapo Mfaume alikasirika kwelikweli, hasira ya mtu anayevuliwa nguo sokoni.

Zabibu alikuja kudai chumvi yake. Alitazama bampa kidogo, akasema huyo ni Chapakazi, maksai wa Mama Pelagia wa Kwihara. Pembe hiyo iliwahi kumvunjia ndoo, hawezi kuisahau.

Habari za Chapakazi zilijulikana. Alikutwa amekufa kando ya barabara, wiki ileile ya kisiki. Mama Pelagia alilima kwa jozi, Chapakazi na Tulia, na maksai mmoja peke yake havuti plau. Mvua zilikuwa zimeshaanza, na shamba lisilolimwa wiki hizo halilimwi tena mwaka huo. Alipeleka lalamiko kwenye kamati ya usuluhishi ya chama. Kamati hiyo huongozwa na mwenyekiti, na mwenyekiti hakuona ushahidi.

Mfaume alimtumia Mama Pelagia salamu. Kesho yake mama alifika kabla ya saa nne, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Mfaume alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamwonyesha. Mama Pelagia aliinama, akamkuna ng'ombe wake nyuma ya sikio lenye pengo. Bampa lilifumba macho.

"Amekonda," alisema. "Naomba nimchukue, mwanangu. Leo hii nimfunge na Tulia."

Mfaume alitamani kumpa. Alitamani sana, mpaka mkono ukagusa fundo la mpira. Lakini tangu zama za misafara, mafundi wa Ng'ambo hawatoi mzigo kwa mtu asiyeuleta, hata awe na haki gani. Ndiyo maana watu huwaachia mizigo. Akamwambia mama asubiri, mwenye bampa ataona kwa macho yake, na macho hayana pazia.

Mwenyekiti aliitwa, akaja na wajumbe wawili wa kamati. Alilitazama bampa. Bampa nalo lilimtazama, likapiga chafya, likamlowesha tai. Alijifuta kwa utulivu, akaomba benchi, na kamati ikakaa palepale kwenye kivuli cha karakana, katikati ya makopo ya rangi.

Wajumbe walikubali bila ubishi kwamba huyo alikuwa Chapakazi. Mmoja hata alimsalimia kwa jina. Kisha mwenyekiti akamuuliza Mfaume nani aliyeleta bampa. Mfaume akajibu kweli, akasikia aibu ya kweli yake.

"Basi," alisema mwenyekiti, "bampa ni la gari, na gari ni langu. Tumegundua kwamba Mama Pelagia amemweka ng'ombe wake kwenye gari la mtu bila ruhusa. Lakini sisi ni majirani. Nimemsamehe."

Wajumbe walipiga makofi. Mama Pelagia alivaa viatu vyake, akaaga.

Mfaume alilifunga bampa mahali pake, kwa skrubu mpya, akapaka rangi nyeupe akiyakwepa macho ya ng'ombe. Kwa kisasi alichokiweza, hakulikata pembe.

Siku hizi gari la mwenyekiti hupunguza mwendo lenyewe likifika Kwihara, likaacha barabara, likala majani. Mwenyekiti ameshazoea. Hutoka nyumbani mapema, na gari likisimama hupandisha vioo, akapiga simu zake za kikazi. Polisi wa barabarani walimsimamisha mara moja tu, wakamwelekeza apunguze pembe au afunge kitambaa chekundu. Alifunga kitambaa.

Gari hupenda zaidi kusimama kwenye uzio wa Mama Pelagia. Yeye hutoka na pumba kwenye karai, akalishika bampa shingo mpaka limalize, huku mwenyekiti akiongea na simu nyuma ya kioo. Likishiba, anaosha karai, anampita Tulia aliyelala chini ya mti, anashika jembe la mkono na kuendelea na tuta alipoishia.