Kikombe cha Orpah

Siku ya kumi na tatu tangu Kanchanben afariki, saa nne asubuhi, mumewe Mzee Vrajlal alipanda ngazi na sahani ya wali wenye samli na ufuta, akaiweka juu ya mabati ya duka lake la vitambaa mjini Kendu Bay. Ilikuwa mwaka wa 1994. Kwa Wahindi wa dini yake, kunguru wakila wali huo, marehemu ameridhika na ataendelea na safari yake. Kunguru wa Kendu Bay hula hata sabuni. Wali wa Kanchanben hawakuugusa.

Orpah ndiye aliyeshika ngazi. Alikuwa amefanya kazi kwa nyumba hiyo miaka ishirini na miwili. Vikombe vyote vya maua aliviosha yeye, ila chai yake aliinywa nje, kwenye kizingiti cha jikoni, kwa kikombe cha bati kilichoning'inia kwa msumari wake. Mwezi wa pili alimzika bintiye Dolphine, malaria. Alipewa siku mbili. Siku ya tatu alikuwa anapiga pasi.

Jioni hiyo, saa kumi, kunguru mmoja alishuka mpaka kizingitini. Alikuwa na kipini cha dhahabu upande wa kushoto wa mdomo, kama kile alichovaa Kanchanben puani. Akatumbukiza mdomo kwa kikombe cha Orpah, akakohoa.

"Orpah, tangawizi kidogo sana."

"Imeisha, memsabu. Mzee hajaenda soko tangu uende."

Orpah ni Msabato, na alijua wafu wamelala fofofo mpaka parapanda ilie. Huyu hakuwa amelala, basi. Alitaka kumwongezea sukari, akakumbuka ni sukari iliyomuua, akaacha. Dolphine hakuja. Labda alilala vizuri, kwa vile alizaliwa kwa watu wanaolala.

Jirani yao Kultum, mwenye duka la viatu, alichungulia juu ya ukuta. "Si ni Kanchanben huyo? Maskini, amekonda."

Kanchanben akawa anakuja kila jioni. Mzee naye, huzuni ilimtoa kwa biashara ikampeleka kwa vitabu. Aliacha kitanda, akalala chini. Alfajiri alikaa kwa mkeka akijiuliza: huyu anayelia ndani yangu ni nani hasa? Mwalimu wa hekalu alikuja kutoka Kisumu, akanywa chai vikombe vitatu, akamwambia kuwa wengi huanza kumtafuta Mungu siku wanaponyang'anywa mtu. Huzuni ni mlango.

Wiki ya nne Mzee alipata jibu. Alimwita Orpah, kwa upole.

"Orpah, mimi, wewe, Kanchan, tumekatwa kwa jora moja. Mishono ndiyo mingi. Na huzuni ni mlango."

"Wangu ulifungwa siku ya tatu, mzee. Kulikuwa na nguo za pasi."

Mzee alifumba macho kulitafakari neno hilo. Alilitafakari vizuri mpaka akainuka shubiri moja juu ya mkeka. Orpah akapitisha ufagio chini yake, maana hapo palikuwa na vumbi la mwezi mzima.

Jioni Kanchanben alikataa chai. Aliruka mpaka dirishani.

"Vraj, sitaugusa wali wako mpaka Orpah anywe chai ndani, mezani, kwa kikombe changu cha maua. Nilitaka kumwambia mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili ya kumwambia, nikasema kesho."

Orpah alisimamisha ufagio. Kikombe hakikumsumbua sana. Alichotaka ni kukaa kwa kiti, dakika tano hivi, na mtu amuulize Dolphine alikuwa msichana wa namna gani.

Mzee alilia sana. "Hayo ni maneno ya kweli," akasema.

Kesho yake alitoka soko na kikombe kipya cha bati, cha bluu. Akachukua nyundo, akagongelea msumari wa pili nje, kando ya ule wa zamani.

"Hiki cha Kanchan. Sasa mtakunywa pamoja. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo."

Kanchanben alikitazama kikombe. Juu ya mabati wali ulikuwa umekauka kama kokoto. Saa kumi Orpah alimimina viwili, akaketi kizingitini.

"Dolphine," Kanchanben akauliza, "alikuwa msichana wa namna gani?"

Orpah akashusha pumzi. "Huyo? Alikuwa anaanza kucheka kabla hadithi iishe. Sasa siku moja..."

"Orpah," Mzee akaita kutoka ndani, polepole, maana alikuwa juu karibu usawa wa taa. "Mwalimu anakuja. Vikombe havijaoshwa."

Orpah aliinuka. Alipomaliza, vikombe sita vya maua viling'aa mezani. Nje vile viwili vya bati vilikuwa vimepoa, na Kanchanben bado alikuwa anangoja hadithi.