Kabla Ng'ombe Hawajaingia

Mukhisa aliliosha lile lori tangu alfajiri, mpaka nikamuuliza kama anamwoa Nakhungu au analioza lori. Hakucheka. Mzungu aliyemwajiri udereva kule Kitale alikuwa amemwazima lori hilo kwa siku moja, mwaka ule wa hamsini na moja. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametangulia kwa miguu na wajomba zake, wakamngoje langoni kwa wakwe, upande wa Chwele. Wakipita lango, Nakhungu ni mke wake. Wakirudishwa, basi.

Tulikuwa watatu. Rotich, mwenzake wa kazini, alisimama nyuma akigonga paa kila tukipanda kilima. "Ona Elgon, bana! Kule ni kwetu, Kapsokwony!" Nikamjibu kwamba mlima ni Masaba na ni wetu, ashuke aende kwa miguu. Mvua ilikuwa imeuosha mlima ukawa wazi hadi kileleni. Tuliacha mahindi ya walowezi, tukavuka mto Kamukuywa, migomba ikaanza, na vijito vikateremka kila upande. Njia ile nimeitembea maisha yangu yote nikiangalia mawe tu.

Mbele ya Kimilili, mama mmoja mwenye kitambaa cha buluu alitusimamisha. Alikuwa na kikapu cha chumvi na mkono wa kushoto uliopinda, kama uliovunjika ukajiunga vibaya. Hakuweza kujivuta juu. Mukhisa akashuka, akamshika mkono wa kulia, akampandisha kati yetu, kisha akamkatia nusu ya hindi lake la kuchemsha.

"Mnaenda wapi na usafi huu?" mama akauliza.

"Kuoa, mayi," Mukhisa akasema. "Lakini naogopa mama ya msichana. Ati hacheki. Ati alitaka ng'ombe zirudi."

"Na wewe ukikasirika, unapiga?"

"Kupiga nini? Hii lori ikikataa kuwaka, si najaribu tena tu?"

Yule mama alicheka mpaka akamwegemea bega. Nilimuuliza mkono wake ulipatwa na nini. Alisema alianguka. Karibu na Chwele akaomba kushuka kwenye kijia cha mkato katikati ya migomba, akapotea humo.

Tulipofika, ng'ombe walikuwa langoni, wazee wamekaa kwenye vigoda, wanawake wanaimba. Mukhisa alikuwa bado ameshika usukani. Nyumba kubwa ikafunguliwa, akatoka mama Nakhungu.

Kitambaa cha buluu. Mkono uliopinda.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Ndiyo maana Mukhisa hakuwahi kumwona. Na Mukhisa alikuwa amemshika, amemlisha, amemsengenya mbele yake!

"Nimekwisha, Wabwile," akaniambia. Akatia gia ya kurudi nyuma.

"Zima gari!" mama akaita. Nyimbo zikakatika. Akawageukia wazee. "Ng'ombe wamepita lango?"

"Bado," mmoja akajibu, haelewi.

"Basi huyu bado si mkwe wangu. Nimepanda gari ya kijana wa njiani, nikakula mahindi yake. Nilikuwa namngoja tangu asubuhi."

Wanawake walishika vinywa. Mzee mmoja alisimama, kigoda kikaanguka. Baba Nakhungu akanguruma, "Mwanamke, umepata wazimu? Umetuaibisha!"

"Nilitaka kumwona," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mama yangu aliniozesha kwa mtu ambaye hakuruhusiwa kumtazama usoni. Angemtazama, labda angejua."

Akaunyanyua ule mkono wa kushoto, mpaka pale ulipokubali kufika. Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja, maana ua mzima ulikuwa umegeuka kumtazama baba Nakhungu. Naye alitazama mkongojo wake.

Mama Nakhungu akamwangalia Mukhisa kwa mara ya mwisho, polepole, kama mtu anayeaga. Kisha akakishusha kitambaa, akajifunika uso, akaenda nyuma ya nyumba.

"Sasa waingizeni ng'ombe," akasema kutoka huko.