Wanja wa Bi Kabibi

Hata kwenye benchi la hospitali Bi Kabibi hakuacha kazi yake. Alimbana mjukuu wake Shee baina ya magoti, akamshika kidevu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akapitisha kijiti cha wanja chini ya jicho, mstari mwembamba usiotetereka. Akamalizia kwa doa kubwa kwenye paji la uso. Mtoto mgonjwa ndiye wa kukingwa zaidi.

"Mama, si mbele za watu," alinong'ona Barke, bintiye, mama wa mtoto.

"Mbele za watu ndiyo hasa. Jicho baya hutoka kwa watu, halitoki kwa kuku."

Ulikuwa mwaka wa themanini na sita. Shee alikuwa na miezi kumi, na tangu miezi mitatu nyuma alikuwa akirudi kinyumenyume. Alikuwa ameanza kukaa, akaacha. Alikuwa akicheka, akaacha hicho kicheko chenyewe. Tumbo lilimsokota akalia mpaka sauti ikamkauka, na viganja vikampauka kama vya mtu aliyeshinda akifua. Daktari alimtoa damu ikapelekwa Nairobi, na leo majibu yalikuwa yamerudi.

Nesi Idah, msichana wa Bungoma aliyekuwa na mwaka mmoja tu Malindi, alitokea na karatasi mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nesi akakiona kile kijiti. Akawaingiza ndani, akafunga mlango.

"Damu ya mtoto ina madini ya risasi," alisema. "Kipimo chake ni arobaini na nane. Kikifika ishirini na tano tu, sisi tunashtuka. Baba yake anafanya kazi gani?"

"Anauza vitambaa sokoni," Barke alijibu.

"Kuna mtu anayeyeyusha betri hapo nyumbani?"

"Hakuna."

Nesi akamgeukia Bi Kabibi. "Na huo wanja, bibi, unatoka wapi?"

Lo! Hapo alikuwa amegusa penyewe. "Huu ni wanja wa manga," Bi Kabibi alisema, shingo imesimama. "Jiwe lake niliwekewa na marehemu mume wangu, alilileta kutoka Maka. Nalisaga kwa mkono wangu, nauchuja unga wake kwa kitambaa cha melimeli mara saba. Mtaani Shella hazaliwi mtoto asipakwe wanja wangu. Leo wewe uliyekuja jana waniambia ni sumu?"

"Sijasema bado, bibi. Naomba kidogo tukaupime. Lakini mawe mengi ya namna hiyo ni risasi tupu. Mtoto hupikicha macho, kisha hunyonya vidole."

Shee, maskini, hakungoja aulizwe. Alijisugua jicho kwa ngumi, akatia vidole kinywani. Bi Kabibi akaushika ule mkono mdogo, akautoa taratibu. Vidole vilikuwa vyeusi.

Ndipo alipoanza kurudi nyuma kwa mawazo, na kila alipofika palimchoma. Shee alipokataa uji, alimwongezea wanja. Alipoacha kukaa, akawa anampaka asubuhi na jioni. Maradhi yalivyozidi, yeye alijua ni husuda, akazidi kupigana nayo kwa kijiti kile kile.

"Ni mimi," alisema. "Ni mkono wangu huu."

"Hukujua, mama," Barke alisema, machozi yakimtiririka.

"Kutojua kwangu hakumponyi yeye." Akamkabidhi nesi kichupa cha wanja. "Atapona?"

"Asipoupata tena, damu itashuka yenyewe pole pole. Mpeni maziwa, maini, mboga za majani. Mleteni kila mwezi. Siwezi kukuahidi yote, bibi, lakini bado ni mdogo."

Nyumbani alimwosha Shee uso kwa sabuni. Kisha akavaa buibui, akatoka. Alijua kila nyumba yenye mtoto mchanga ulimoingia wanja wake, zilikuwa kumi na moja, na siku tano nzima hakufanya jingine ila kubisha hodi. Wengine walimcheka. Wengine walimpa pole kama mtu aliyerukwa na akili. Mwanaesha, aliyekuwa na mtoto wa miezi minne, alimjibu kutoka kizingitini.

"Wako kaugua, sasa wangu avuliwe kinga? Kumbe hasidi ni wewe mwenyewe, Bi Kabibi!"

Mwanamke aliyewakinga watoto wa mtaa mzima na husuda, leo aitwe hasidi! Neno lilimwingia mpaka kwenye mifupa, na alitamani kugeuka aende zake.

"Niite utakavyo," alisema. "Jumatatu saa mbili nitakuwa hospitali. Mlete apimwe, nesi amekubali. Akionekana safi, njoo unitemee mate mbele za watu."

Jumatatu alikaa kwenye benchi peke yake, Shee mapajani, uso mtupu. Jana yake mtoto alikuwa amekubali vijiko vinne vya uji, na vinne si haba. Saa mbili ikapita. Nesi Idah akachungulia mlangoni, akarudi ndani. Saa mbili na nusu akaingia mwanamke mmoja na mtoto mgongoni. Baadaye wakaja wawili pamoja, wakinong'onezana. Kufikia saa tatu walikuwa sita, na Bi Kabibi akawa anasogea kuwapa nafasi.

Wa saba alikuwa Mwanaesha. Mashavu ya mwanawe yalikuwa na michirizi myeusi ya wanja uliosuguliwa kwa haraka. Hakutoa salamu. Alimchukua Shee kutoka mapajani mwa bibi yake, akampakata, na mahali pake akamweka mwanawe mwenyewe.

"Mshike wewe zamu yake ikifika," alisema, akitazama ukuta. "Mimi sindano siwezi kuiangalia."